Nani Apimaye Ulemavu, na kwa Kipimo Gani?

Ndugu msomaji, wahenga walituachia neno fupi lenye uzito wa nanga: hujafa hujaumbika. Maana yake sote twaijua. Mtu aamkaye asubuhi akiwa na viungo vyake kamili asijigambe, kwani umbile lake bado halijakamilika. Gari barabarani, mashine ya kiwandani, homa ya utotoni au uzee mtupu waweza kulibadili kabla jua halijachwa. Kwa hiyo jambo ninaloleta leo si jambo la watu wengine wakaao mbali nasi. Ni jambo la nyumba yako na yangu, ila kwa baadhi yetu siku yake haijafika.

Hivi karibuni nilisafiri kwenda Kilwa kumjulia hali mjomba wangu. Basi la alfajiri litokalo Dar es Salaam huvuka mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na hadi leo wazee wa kusini hawachoki kuwasimulia vijana jinsi walivyokuwa wakilala ng'ambo ya mto wakisubiri kivuko. Kisha hupita Somanga, mahali ambapo mwezi Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara, safari kati ya kusini na Dar es Salaam zikakwama kwa siku kadhaa. Msafiri wa Kilwa aliyepanda basi la Lindi au Mtwara hushuka Nangurukuru, akatafuta gari dogo la kumfikisha pwani.

Mjomba wangu ni fundi wa mashua. Tangu ujana wake ameishi na tezo, keekee na msumeno, na mashua alizozikalafati kwa pamba iliyochovywa sifa zimevua samaki toka Songosongo hadi Lindi mjini. Nilimkuta ufukweni, ameketi juu ya gogo chini ya mkungu, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele yake juu ya kibao. Mguu huo una matende. Kwa zaidi ya miaka ishirini umekuwa ukivimba kidogo kidogo, na sasa ngozi yake ni ngumu kama gome.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye kivuli. Umekuja kumtazama mgonjwa ambaye si mlemavu."

Sikumwelewa. Akacheka, lakini kicheko chake hakikuwa na furaha, kisha akanieleza.

Mjomba na wenzake wanne waliamua kuunda kikundi. Mmoja ni kijana kiziwi mwenye mikono myepesi ya kushona. Wa pili ni mama atembeaye kwa baiskeli ya magurudumu matatu, naye hufuma mikeka ya ukili. Wa tatu ni binti asiyeona vema. Wa nne ni mvuvi aliyepoteza kiganja cha mkono wa kulia. Walikusudia kuomba mkopo wa halmashauri ili wanunue cherehani mbili nzito na vitambaa, wawe wakishona matanga na maturubai. Mjomba angekata na kupima, kwani ajuaye mashua ajua tanga lake. Wakaambiwa kwamba kila mmoja alete uthibitisho wa daktari kuwa ni mtu mwenye ulemavu.

Basi mjomba akapanda bodaboda hadi kituo kimoja cha tiba, ambacho sitakitaja. Nauli ya kwenda na kurudi ilimla kazi ya siku mbili. Alisubiri hadi adhuhuri, akaitwa, akaingia. Aliyempokea alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akauliza: "Mzee, umeingia humu kwa miguu yako?" Mjomba akajibu kwamba ndiyo, ameingia kwa miguu yake. "Basi matende ni ugonjwa, si ulemavu. Nitakuandikia dawa." Akaandika. Mjomba akarudi nyumbani na karatasi ya dawa, na kikundi kikabaki watu wanne na swali moja.

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo lililonifanya niketi kuandika. Mtu akishindwa kufika mahali pa kupimwa, hapimwi. Akijikongoja akafika, huambiwa kwamba madhali amefika, hana analodai. Je, hiki ni kipimo gani?

Kwanza tuitazame sheria, maana mara nyingi wananchi huhukumiwa kwa desturi ya ofisi ilhali sheria yasema jingine. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010. Ilitungwa mwaka mmoja baada ya nchi yetu kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ule uliopitishwa Desemba 2006. Sheria hiyo haiutafsiri ulemavu kuwa ni mguu, jicho au sikio. Inautafsiri kuwa ni kukosa au kupungukiwa nafasi ya kushiriki katika maisha ya kawaida ya jamii sawasawa na wengine, kwa sababu za kimwili, za kiakili au za kijamii. Na mtu mwenye ulemavu, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni yule ambaye uwezo wake wa kutenda umewekewa mipaka na vizuizi vilivyomo katika mitazamo ya watu, katika mazingira na katika taasisi.

Tafadhali yasome maneno hayo mara mbili. Hayaulizi ugonjwa umeitwaje. Yanauliza mtu huyu, pamoja na mwili wake na mahali aishipo, anazuiwa kufanya nini. Kwa kipimo hicho, mjomba asiyeweza kuchuchumaa chini ya mkuku wa mashua, asiyeweza kusimama majini kwa kuhofia vidonda, wala kuvaa kiatu chochote kiuzwacho dukani, hahitaji hoja ndefu.

Hata lugha yetu imepita njia hiyo hiyo. Zamani tulisema kilema, kiwete, kipofu, kiziwi, tukawaweka binadamu katika ngeli moja na kiti na kijiko. Baadaye tukasema mlemavu, mtu akarudi katika ngeli ya watu. Siku hizi twasema mtu mwenye ulemavu, yaani utu umetangulia na ulemavu umefuata. Lakini hatua ya ulimi ni nyepesi kuliko hatua ya ofisi. Ofisi nyingi zimejifunza neno jipya, na macho yao bado yatafuta kiungo kilichokatika.

Na matende hayakuanza jana. Pwani ya kusini imeyajua kwa vizazi vingi, pamoja na ndugu yake mabusha. Husababishwa na vijidudu vya minyoo viletwavyo na mbu. Minyoo hiyo huiharibu mishipa ipitishayo maji ya mwili, na baada ya miaka mingi mguu, mkono au korodani huvimba. Mpango wa taifa wa kuutokomeza ugonjwa huu ulianza mwaka 2000 kisiwani Mafia, jirani kabisa na Kilwa, na tangu hapo dawa za kinga zimegawiwa mwaka hadi mwaka katika wilaya nyingi. Ni kazi kubwa, na imewaokoa watoto wengi wasipate walichokipata babu zao. Lakini dawa ya kinga haiurudishi mguu uliokwisha kuvimba. Maambukizo hukoma, ulemavu hubaki. Kusema kwamba matende ni ugonjwa tu kwa kuwa yana dawa ni sawa na kumwambia aliyeunguliwa nyumba kwamba hana hasara kwa kuwa moto umezimwa.

Yumkini msomaji atauliza: sasa tupime vipi? Swali ni la haki, na halina jibu moja. Tazama hesabu zetu wenyewe. Utafiti wa taifa wa mwaka 2008 uliona kwamba asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka saba na zaidi walikuwa na ulemavu. Sensa ya mwaka 2012 ikapata asilimia 9.3. Sensa ya mwaka 2022 ikapata asilimia 11.2. Je, Watanzania wamezidi kuumia? Si lazima iwe hivyo. Aghalabu kinachobadilika ni swali. Ukimwuliza mtu, "Je, wewe ni mlemavu?" wengi watakataa kwa aibu, au kwa kudhani kwamba mlemavu ni yule asiye na miguu kabisa. Ukimwuliza, "Je, unapata taabu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuelewana na wenzako?" na ukamwachia aseme kama hapati taabu, anapata kidogo, anapata sana, au hawezi kabisa, utapata jibu jingine.

Maswali hayo sita yaliandaliwa na wataalamu wa takwimu wa mataifa mbalimbali, nayo ni mazuri kwa kuhesabu nchi. Lakini mstari uchorwe wapi? Ukiuchora kwenye "taabu kidogo," nusu ya wazee wa mtaa wako watakuwa ndani. Ukiuchora kwenye "hawezi kabisa," mjomba yu nje, na yule binti asiyeona vema yu nje vilevile. Mstari haukuumbwa na Mungu. Huchorwa na binadamu wenye kalamu, nao hutazama pia mfuko una kiasi gani.

Wewe msomaji ufanyaye kazi kiwandani, bandarini au dukani, usidhani kwamba kalamu hiyo haikuhusu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008, humlipa mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi yake. Daktari hutathmini ulemavu wa kudumu na kuuandika kwa asilimia. Ukifika asilimia 30 au chini yake, hulipwa fedha za mkupuo mmoja. Ukizidi asilimia 30, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Waona basi jinsi namba moja, kati ya 30 na 31, iwezavyo kuwa tofauti kati ya fedha ziishazo kabla ya mwaka na mkate wa kila mwezi. Kwa hiyo ukiumia kazini, usimezwe na aibu wala woga wa msimamizi. Ajali iandikwe siku hiyo hiyo, mashahidi watajwe, na vyeti vyote vihifadhiwe.

Mjomba wangu, hata hivyo, hana mwajiri. Fundi wa mashua hujiajiri, kama walivyo wavuvi, wakulima na mama lishe walio wengi. Kwao tegemeo ni lipi? Kwanza kuna Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na TASAF. Ulianzishwa mwaka 2012, na katika awamu yake ya kwanza ulizifikia kaya zaidi ya milioni moja. Awamu ya pili ilizinduliwa mwaka 2020. Wanaoingia hutajwa kwanza katika mkutano wa kijiji au mtaa, kisha kaya huulizwa maswali juu ya nyumba, mali na watu wake, na majibu hutiwa katika kanuni ya hesabu inayokisia umaskini. Kaya isiyo na mtu awezaye kufanya kazi haidaiwi nguvu kazi katika miradi ya ajira ya muda, na hilo ni jema.

Lakini kipimo hicho ni kipimo cha umaskini wa kaya, wala hakikuundwa kupima ulemavu. Kaya mbili zaweza kuwa na paa moja la bati, kuku watano na redio moja kila moja. Katika moja wote wazima. Katika ya pili kuna mtoto asiyeweza kukaa, na mama yake hawezi kwenda shamba wala kuchokoa pweza bamvua linapokupwa, kwa kuwa hana wa kumwachia. Kaya hizo zaonekana sawa kwenye karatasi, ilhali ya pili hulipa nauli mbili kila iendapo hospitali na hupoteza kipato cha mtu mzima mmoja kila siku. Siri ya mtungi aijuaye kata, na karatasi hiyo haikuingia mtungini.

Pili, kuna ile mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ya watu wenye ulemavu. Utaratibu huo uliwekwa katika sheria mwaka 2018. Aprili 2023 Serikali iliusitisha ili kuurekebisha, na mwaka 2024 mikopo ikarejea. Ndiyo fedha kikundi cha mjomba ilichoilenga.

Hapa nataka kuwa mkweli kwako. Nilipokuwa Kilwa nilizungumza na ofisa mmoja wa ustawi wa jamii, kijana mpole mwenye kata nyingi za kuhudumia. Nilimweleza habari ya mjomba kwa ukali kidogo. Hakukasirika. Alisema: "Dada, mimi nimeletewa vikundi vya watu wenye ulemavu ambamo mwenye ulemavu ni mmoja, naye hajui hata jina la kikundi. Wenzake wote wana nguvu za kubeba magunia. Nisipodai uthibitisho, fedha za mjomba wako zitaliwa na hao."

Maneno yake yalinituliza. Ni kweli, mfuko ni mdogo na mikono ni mingi. Mtu mzima anayejipenyeza katika fungu la wenye ulemavu humwibia jirani yake hadharani, na sisi tunaomjua tukanyamaza twamsaidia kubeba. Sipingi kupima. Napinga kupima kwa jicho la mara moja, katika chumba kimoja, kwa swali moja.

Wala sisi si wa kwanza kukwama hapa. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2011 kuwapa fedha watu wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 za nchi hiyo kwa mwezi. Sharti lilikuwa mtu awe anahitaji uangalizi wa mwingine wakati wote. Fedha hizo ziliwafikia waliokuwa wamefungiwa majumbani, lakini kiwete ajitahidiye kujikongoja sokoni alibaki nje. Huko Uingereza, nchi yenye madaktari na makaratasi tele, tathmini mpya ya uwezo wa kufanya kazi ilianzishwa mwaka 2008, na mwaka 2013 ikaja nyingine kwa ajili ya posho ya ulemavu. Watu walipimwa kwa alama, jambo moja moja. Miaka mingi mfululizo, zaidi ya nusu ya waliopeleka rufaa za posho hiyo mbele ya baraza la rufaa walishinda. Tujifunze nini? Kwamba kipimo chenye alama nyingi chaweza kukosea vilevile, na kwamba haki ya rufaa ndiyo inayowaokoa waliokosewa.

Zanzibar, kwa upande wake, ilichukua njia nyingine kuhusu wazee. Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kiwango kilichoongezwa baadaye. Haiulizwi kama ni maskini au tajiri, wala kama ana watoto. Huulizwa umri na ukaazi. Sisemi kwamba ulemavu waweza kupimwa kwa urahisi kama umri. Nasema kwamba kila swali tuliongezalo mlangoni lina gharama yake, na anayeilipa aghalabu ni yule aliyetoka mbali kwa bodaboda.

Kabla sijafika mwisho, nimguse yule mvuvi asiye na kiganja. Kiganja chake kilichukuliwa na baruti. Alikuwa kijana, akavua kwa njia iliyokatazwa, njia ambayo imeharibu matumbawe mengi ya pwani yetu, na siku moja utambi ukawa mfupi kuliko alivyodhani. Kijijini wapo wasemao kwamba huyu hastahili kitu kwa kuwa alijitakia. Nilimwuliza mjomba yeye aonaje. Alifikiri kitambo, akasema: "Kosa lake lina mahakama. Mkono wake una watoto watatu."

Sina la kuongeza. Tukianza kuuliza nani alijitakia, itabidi tumwulize dereva aliyekwenda kasi, mlevi aliyeanguka ngazini, na mama aliyechelewa kumpeleka mtoto kliniki. Msaada wa ulemavu hauwi zawadi kwa wema, wala kuukosa kusiwe adhabu kwa waovu. Tena wapo wanaomcheka wakimwita kwa jina la baruti. Hao wakumbuke kuwa mcheka kilema hafi bila kumfika.

Sasa tufanye nini? Nawaomba wasomaji wenye ndugu mwenye ulemavu, mjini au kijijini, wayashike haya machache.

Kwanza, hakikisheni kwamba ndugu yenu anajulikana katika ofisi ya kijiji au mtaa. Sheria ya mwaka 2010 iliweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa hadi mkoa. Ulizeni kamati yenu ni nani na inakutana lini. Kama haipo, basi kuuliza kwenu kutakuwa mwanzo wa kuwapo kwake.

Pili, msimpeleke peke yake kupimwa. Watu wetu wamelelewa kutolalamika. Akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo" hata akiwa taabani, na jibu hilo la adabu huandikwa kuwa ni afya. Aandamane na mtu aishiye naye, na kabla ya kwenda mwandike katika karatasi mambo asiyoyaweza: kuchota maji, kupanda gari, kuvaa, kusimama muda mrefu, kusikia jina lake likiitwa. Elezeni siku mbaya, wala si ile nzuri aliyoitumia kufika hapo.

Tatu, akikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi. Karatasi yenye sababu hupelekwa mbele, kwa mkubwa wa ofisi, kwa ofisa ustawi wa jamii au kwa diwani. Neno la mdomo hufia mlangoni.

Nne, waajiri na viongozi wa wafanyakazi wakumbushwe. Sheria ya mwaka 1982 iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 na zaidi waajiri asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Ile ya mwaka 2010 iliyochukua nafasi yake imepandisha kiwango hadi asilimia 3, nayo humgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi. Mahali unapofanya kazi wapo wangapi? Hesabu kesho asubuhi.

Na mwenye matende asikate tamaa na mwili wake. Mguu uoshwe kila siku kwa maji safi na sabuni, ukaushwe vema hata katikati ya vidole, uinuliwe wakati wa kukaa na kulala, na ufanyishwe mazoezi mepesi. Huduma hiyo ndogo huzuia homa na vidonda vinavyouongeza uvimbe. Mabusha nayo hutibika kwa upasuaji. Dawa za kinga zikigawiwa mtaani, mezeni, hata kama hamjisikii wagonjwa.

Huenda wataka kujua mambo ya mjomba yaliishia wapi. Yule ofisa ustawi wa jamii hakuahidi kitu. Lakini siku mbili baadaye alikuja ufukweni, akavua viatu, akaketi juu ya mchanga asubuhi nzima akimtazama mjomba akifanya kazi. Alimwona akijaribu kuingia chini ya mashua, akashindwa, akamwita kijana amfanyie. Alimwona akisimama kwa dakika chache, akaketi, akasimama tena. Aliuliza kazi hiyo zamani ilimchukua siku ngapi, na sasa ngapi. Mashua aliyokuwa akiimaliza kwa miezi miwili sasa humchukua mitano, na nusu ya malipo huenda kwa kijana wa kumsaidia. Yote hayo aliyaandika.

Jina la mjomba limeingizwa katika rejista ya kijiji. Karatasi za kikundi zimepelekwa upya, zikiwa na majina matano, na nilipokuwa naondoka jibu lilikuwa bado. Sijui litakuwaje. Ninachojua ni kwamba safari hii, likija la kukataa, litakataa watu waliotazamwa.

Nilipomuaga, mjomba alinisindikiza hadi mwisho wa kivuli cha mkungu. Alipofika hapo alisimama, maana mchanga wa jua humchoma nyufa za mguu. "Nenda salama, mwanangu," alisema. "Na huko mjini uwaambie, mimi sikuomba nihurumiwe. Niliomba cherehani."

Nimewaambia.